Injini ya Duara la Masele

Mmeniomba niandike mambo ya kazini kabla sijayasahau. Kusahau si tatizo langu, vijana wangu. Tatizo langu ni kukumbuka, na mengi ninayoyakumbuka yananitia baridi hata saa saba mchana hapa Shinyanga, mahali ambapo baridi haipatikani hata kwa kununua. Habari za vyeo na mishahara waulizeni wa ofisini, wao wanazipenda. Mimi nitasema juu ya injini na juu ya hofu, kwa sababu hivyo ndivyo vitu nilivyovishika kila siku ya kazi yangu.

Nilifika karakana ya Bwana Jamnadas, pale Kambarage, nikiwa msichana aliyetoka chuo cha ufundi na cheti kilichokunjwa ndani ya kitenge. Mbele alikuwa na duka la vipuri, nyuma karakana. Aliniajiri, alivyosema mwenyewe, kwa sababu wanaume aliokuwa nao walizungumza sana. Akanikabidhi kwa msimamizi wake, Fundi Athumani, mtu wa Tabora aliyevaa kofia ya kufuma ambayo zamani ilikuwa nyeupe.

“Shikamoo, fundi,” nikamwambia.

“Marahaba. Unaona nini hapa?” Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya meza ya kazi.

“Vidole vitatu.”

“Viwili vilichukuliwa na feni ya lori. Hivi vilivyobaki vinaogopa. Wewe kaa upande wa vinavyoogopa.”

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya usalama kazini. Yalichukua muda mfupi kuliko kunywa chai, na sijawahi kupata mengine bora.

Alinifundisha kusaga valvu, kupima silinda na kusikiliza injini kwa bisibisi ndefu iliyowekwa sikioni. Kitu alichokikazania kuliko vyote kilikuwa miwani. “Vaa miwani, binti. Mkoa huu si wa kutembea na macho mekundu.” Hakueleza zaidi, wala sikuhitaji. Miaka ile kina mama vijijini walikuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na ushahidi wenyewe ulikuwa macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Macho yangu yaliharibiwa na vumbi la chuma na mvuke wa petroli. Nilijua kwamba kwa mtu mwenye msiba na panga, tofauti hiyo ni ndogo sana.

Miaka ikaenda. Nikaolewa, nikamzaa Limbu, nikawa Mama Limbu hata kwa wateja waliokuwa wakipita mbele yangu wakiuliza fundi yuko wapi. Katikati ya miaka ya tisini Nilesh, mtoto wa Bwana Jamnadas, akarudi kutoka masomoni ng’ambo akiwa na kompyuta. Tuliiweka kwenye chumba cha gasketi kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na mlango unaofunga. Tukaifunika shuka kuzuia vumbi. Wateja walioiona walidhani ni televisheni, wakauliza mpira unaanza saa ngapi.

Nilesh alipenda magari ya mashindano tangu utoto, na ndani ya kompyuta ile alikuwa na programu ya kukadiria nguvu za injini. Unaiambia upana wa silinda, mwendo wa pistoni, ukubwa wa valvu na kabureta, kisha unaiambia habari za kemshafti. Ninyi mnaijua, lakini huenda akasoma na asiye fundi: kemshafti ni ule mhimili wenye nundu unaofungua valvu. Nundu zikiwa kubwa, valvu hufunguka sana na kukaa wazi muda mrefu. Injini ya namna hiyo inapumua vizuri ikikimbia, lakini ikienda polepole inakosa nguvu. Nundu zikiwa ndogo, injini inavuta vizuri chini na kuchoka juu. Programu ilikuwa inachora mistari miwili ya rangi ya chungwa, mmoja wa nguvu za farasi na mwingine wa mvuto. Ukibadilisha kemshafti mistari nayo inabadilika, na hujafungua hata nati moja.

Niliiogopa. Siku ya kwanza nilipobonyeza kitufe kwa kidole changu, umeme ulikatika mji mzima, na kwa muda nilijua kabisa kwamba ni mimi. Nilesh alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanifundisha kwa subira ambayo sikuitegemea kwa mtoto wa tajiri.

“Mama Limbu, hii haijui kitu,” aliniambia. “Inarudia tulichoiambia, ila kwa sauti ya kujiamini.”

Nililielewa neno hilo mapema. Programu ilitaka vipimo kwa inchi, sisi tulikuwa na milimita, na katika kubadilisha tukapotoka mahali pamoja. Ikatupa nguvu za ajabu. Fundi Athumani akachungulia kwenye kioo akasema, “Waambieni watu wa stesheni tumepata kichwa cha treni.” Tulicheka sote, lakini kicheko changu hakikufika mbali. Ule mstari wa uongo ulikuwa umechorwa kwa unadhifu uleule wa mstari wa kweli. Tangu siku hiyo kila kipimo nilikichukua mara mbili, na bado sikukiamini.

Ndipo akaja Bwana Masele. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye duara upande wa Geita. Duara ndivyo wachimbaji wadogo wanavyoliita shimo la dhahabu. Mvua zilikuwa zimeanza na duara lake lilikuwa likijaa maji. Alituletea injini ya petroli ya silinda nne tuifufue iendeshe pampu, na pamoja nayo alileta kemshafti iliyofungwa kwenye gazeti, akaishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

“Hii imetoka kwenye gari la mashindano,” akasema. “Nimeipata Mwanza. Iwekeni hii. Nataka farasi wengi.”

Tukamwambia kwanza tutapima. Niliifunga kemshafti yake ya mashindano kwenye vitalu vya chuma, nikasimamisha saa ya kupimia juu ya nundu, nikawa naizungusha polepole na kuandika kila nundu inavyopanda na kushuka. Kisha nikaipima kemshafti ya asili ya injini ile, ambayo ilikuwa imelika kidogo. Nilesh akaingiza tarakimu, mimi nikizisoma kwa sauti. Tukabadilishana, yeye akasoma, mimi nikaingiza. Mistari ikaja ileile.

Ya mashindano ilikuwa na farasi wengi zaidi, tena kwa mbali, lakini walikuwa juu kabisa, kwenye kasi ambayo pampu ile haikuwa na haja nayo. Pale pampu ilipotakiwa kufanya kazi, karibu na mizunguko elfu mbili na mia mbili, ya asili ndiyo iliyokuwa na mvuto. Ya mashindano hapo ilikuwa imelala chali.

Tukamwita Masele. Akaweka kidole kwenye kilele. “Huu mlima ndio mrefu.”

“Ni mrefu, lakini uko mbali,” Nilesh akamjibu. “Pampu yako inakaa hapa. Ikishika maji, injini inalemewa. Kama haina mvuto hapa, inazimika.”

“Fundi Athumani, nawe unasemaje?”

“Mimi ningeweka ya asili hata bila televisheni. Lakini televisheni imenisaidia kujua puli ya ukubwa gani.”

Masele aliondoa kidole kwenye kioo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, “Mdogo wangu Kashinje ndiye wa kwanza kushuka mle na wa mwisho kutoka. Mnataka nimweke chini ya mistari hii?”

Akatutazama mmoja mmoja.

“Nani alipima?”

“Mimi,” nikasema.

“Basi aliyepima aje aiwashe. Kama unajiamini, twende wote. Kama hujiamini, niwekee ya mashindano.”

Sikujiamini. Vipimo niliviamini kidogo, mwenyewe sikujiamini hata chembe. Nikasema nitakwenda. Nyumbani Baba Limbu hakuuliza maswali. Aliweka tochi na kitenge cha pili kwenye mfuko wangu bila kunitazama, nikajua kwamba naye anaogopa.

Mimi na Masele tulipita Kahama, tukanywa chai Nyahanga, tukashika barabara ya vumbi kuelekea Geita, ambayo kwa mvua ile ilikuwa barabara ya tope. Injini ilikuwa nyuma ya gari chini ya turubai. Kila gari liliporuka kwenye shimo nilikuwa najiuliza ni bolti gani nimesahau kukaza. Sikuwa nimesahau yoyote, lakini hofu haipokei taarifa za namna hiyo.

Machimbo yenyewe yalikuwa kilima kilichotobolewa kila upande. Mahema ya turubai, vumbi la mawe, kelele za karasha zinazosaga mawe, na vijana wenye matope hadi kwenye kope. Duara la Masele lilianza kama shimo pana la wazi. Chini yake kulikuwa na ngazi ya udongo tambarare, na hapo ndipo ulipokuwa mdomo wenyewe, umezungushiwa magogo, ukishuka kiasi cha urefu wa nyumba kabla haujageuka kuwa njia ya kutambaa. Jirani, upande wa juu, palikuwa na shimo la zamani lililoachwa, limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nililitazama shimo lile mara moja, nikawa siwezi kuacha kulitazama.

Aliyetupokea alikuwa Mzee Luhende, msimamizi wa zamu, mtu mrefu mwenye adabu nyingi.

“Mwangaluka, mayu,” akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama.

“Mwangaluka, baba. Shikamoo.”

“Marahaba.” Akamgeukia Masele, akashusha sauti, lakini niliisikia. “Wanawake hawafiki mdomoni mwa duara. Dhahabu inakimbia. Na ikitokea kitu, watu watasema.”

“Huyu si mwanamke,” Masele akasema, “ni fundi.”

Sikujua nishukuru au nikasirike. Luhende alinitazama usoni, machoni, kwa muda ambao uliniongezea baridi mgongoni. Kisha akasogea pembeni nikapita.

Tuliisimamisha injini kwenye ile ngazi ya udongo. Nilikataa kuiwasha mpaka bomba la moshi liungwe na kupandishwa juu kabisa nje ya shimo, maana moshi wa petroli ni mzito na mjinga, unateremka palipo na watu. Walinung’unika, wakaunga. Nikafunga puli na mkanda, nikaweka saa ya mizunguko ambayo Nilesh aliing’oa kwenye gari bovu. Injini ikawaka. Pampu iliposhika maji, injini iliinama, sauti ikazama. Kisha ikasimama, ikavuta. Sindano ya saa ikatulia pale tulipotaka. Maji mazito yakatoka kwenye mpira kule juu, wachimbaji wakapiga vigelegele kama kina mama. Kufikia jioni duara lilikuwa limekauka, na mimi nilikula ugali wangu nikiendelea kuisikiliza injini.

Asubuhi yake watatu walishuka: Kashinje mdogo wake Masele, Ndaki mtoto wa Mzee Luhende, na mwenzao mmoja aliyekaa karibu na mdomo kupokea mawe. Injini ilikuwa inakwenda polepole kutoa maji ya chemchemi tu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya dumu, nikimwambia Masele kwamba mchana nitaondoka.

Tulisikia mlio kama gunia la mahindi linaloangushwa sakafuni. Nilitazama shimo la jirani. Yale maji ya rangi ya chai yalikuwa yakizunguka katikati, yanakwenda chini.

Yule wa karibu na mdomo akatoka akipanda kamba bila kugusa ngazi ya miti, amelowa hadi kifuani. “Yamepasua!” akapiga kelele. “Yamepasua kwa ndani! Wako nyuma!”

Nilishika mkono wa mafuta, kile kishikio cha kuongeza kasi, nikaipandisha injini hadi kwenye mizunguko ile tuliyoipima. Iliinama tena, ikashika, ikavuta. Maji mdomoni yalikuwa yakipanda na kumeza magogo, moja baada ya jingine. Watu wakajaa pembeni mwa shimo, kila mmoja akipiga kelele.

“Ongeza!” Masele akasema.

“Hapa ndipo ina nguvu, Bwana Masele. Nikiongeza, pampu itakata maji imeze hewa.”

“Ongeza, nakwambia! Ndugu yangu yuko chini!”

“Hapana.”

Sijui neno lile lilitoka wapi. Nilikuwa nimeukumbatia mkono wa mafuta kwa kifua. Kichwani sikuwa na ujasiri wowote. Nilikuwa na ule mstari wa chungwa, na mahali unapoanza kushuka, na swali moja: je, kama tulikosea tena, kama siku ya kichwa cha treni? Maana mstari wa uongo ni nadhifu vilevile. Mtu kule juu akasema, tena kwa utulivu, “Huyu mwanamke anataka wafe.” Kelele ningezivumilia. Ule utulivu ndio ulionitisha.

Ndipo Mzee Luhende akashuka. Hakunipiga, hakunitukana. Alinisukuma kwa bega kama mtu anayesukuma mlango, akaushika mkono wa mafuta akauvuta hadi mwisho.

Injini ililia. Sindano ikapanda, mkanda ukaanza kupiga yowe, na kule juu mkondo wa maji ukawa mweupe, ukawa povu, ukakonda, ukawa mate. Watu wote waliokuwa juu waliuona. Luhende hakuuona, kwa sababu hakuwa akitazama mpira. Alikuwa akitazama mdomo wa duara, akiita, “Ndaki! Ndaki, baba!”

“Maji yamekata!” Masele akapaza sauti. “Luhende, achia! Yamekata!”

Nilijitupa juu ya mkono wa mafuta, nikairudisha chini. Pampu ilikohoa. Nikamwagia maji kwenye tundu la pampu kwa ndoo, mtu mmoja akanisaidia, sikumbuki ni nani. Ikakohoa tena, ikashika. Mkondo ukarudi mzito. Hakuna aliyepiga kelele tena. Kuanzia hapo walinyamaza wote, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele, maana sasa kila mtu alikuwa akisikiliza injini yangu, na mimi nilikuwa nikisikiliza kila valvu, nikingoja moja ife.

Haikufa. Shimo la jirani likaisha maji, na la kwetu likaanza kushuka, gogo kwa gogo. Mchana wote nilisimama pale. Waliniletea petroli, waliniletea maji ya kunywa, hakuna aliyenitazama usoni. Jua likielekea kuinama, Kashinje akatoka. Alitambaa hadi mdomoni, wakamfunga kamba wakamvuta. Alikuwa wa kijivu kama udongo wa mfinyanzi, na meno yake yalikuwa yakigongana. Masele akamkumbatia wakaanguka wote wawili kwenye tope.

Ndaki alitolewa baadaye. Alikuwa kwenye njia ya kutambaa, karibu na mdomo, karibu kabisa. Mzee Luhende alimfuta tope usoni kwa kiganja, polepole, akaanza upya, kana kwamba lilikuwa bado linaendelea kuingia.

Sikukaa msibani. Mwanamke mdomoni mwa duara, mwanamke aliyekataa kuongeza mafuta, macho yake yalivyo: maneno hayo yalikuwa yameshaanza kupita kwenye mahema. Masele alinifunika kitenge kichwani akaniingiza garini mwenyewe, akaniambia nisishuke popote kabla ya Kahama. Nilifika Shinyanga nikakaa jikoni kwangu, na kila mbwa wa jirani alipobweka nilimtazama Limbu na mlango.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja mchana Kashinje akaja karakana. Alikuwa amekonda. Fundi Athumani akampa kigoda, akaona uso wake, akakumbuka ana kazi upande wa pili.

“Mama Limbu,” Kashinje akasema, “nimekuja kukwambia jambo ambalo sijamwambia mtu.”

Nikaweka chini kilichokuwa mkononi.

“Mle ndani tulikuwa mimi na Ndaki. Kulikuwa na mahali juu, kama chungu, palipobaki hewa. Tulishika gogo, maji yapo kifuani. Injini tulikuwa tunaisikia. Ilikuwa inasikika kwenye mwamba, hapa.” Akagusa taya. “Nikamwambia Ndaki, maadamu inalia hivyo, tukae. Tulikaa. Maji yalipanda kidogo, yakasimama. Halafu ikabadilika. Ikapiga kelele kubwa, kisha maji yakaanza kupanda tena, yakafika kidevuni. Ndaki akasema, ‘Imekufa. Imekufa, tutakufa hapa.’ Nikamshika, akaniponyoka. Akavuta pumzi akazama kuelekea mdomoni.” Akagusa taya tena. “Ikarudi, mama. Alipoondoka tu, ikarudi sauti yake ileile.”

Nilitaka aache kusema, lakini alikuwa na jambo moja zaidi.

“Nimesikia ni nani aliyevuta ule mkono. Nimwambie Mzee Luhende?”

Sikuhitaji kufikiri. “Usimwambie,” nikasema. “Yule ni baba yake.”

“Wanasema ni wewe. Wapo wanaosema ni wewe uliyemuua.”

“Najua wanavyosema.”

Tulikubaliana hivyo. Kashinje hakushuka tena duarani, alifungua genge la nyanya, na kila alipopita mjini aliniachia fungu moja mezani bila kuniuliza kama ninalihitaji. Mimi niliendelea na kazi. Tulipima kemshafti nyingi kwa kompyuta ile, za mashine za kusaga, za malori, hata za gari la mashindano la Nilesh mwenyewe ambalo halikushinda popote. Kila mistari ilipokuja nilitafuta kwanza ni wapi inaweza kuwa inatudanganya. Mlinicheka kwa hilo, baadhi yenu. Mlisema Mama Limbu anapima kama mtu anayefukuzwa.

Ninaandika haya sasa kwa kuwa Mzee Luhende ametangulia mbele za haki, na Kashinje amesema niandike.

Mzee Luhende alikuja karakana mara moja tu, miaka ya mwisho ya tisini, wakati wa kiangazi. Nilimwona akisimama mlangoni pa karakana, mrefu vilevile, lakini amepinda kidogo upande. Nje walikuwa wamebaki wanawe wawili, wanaume wazima, wameegemea baiskeli zao. Walikuwa wakinitazama. Hawakunisalimu. Fundi Athumani alikuwa ameshastaafu, Nilesh alikuwa Mwanza. Nilikuwa peke yangu, na nilikuwa nimevua miwani.

“Shikamoo, baba Ndaki.”

“Marahaba, mayu.” Hakutaka kukaa. Alivua kofia akaishika kwa mkono uleule uliovuta siku ile. “Sitakuchelewesha. Nina neno linanikosesha amani. Siku ile injini ilipolia kwa nguvu, wewe ukairudisha chini. Watu wananiambia niache, wananiambia maji yalikuwa yamekata. Mimi sikuona. Nataka useme wewe. Ungeiacha ilie vile, Ndaki angetoka?”

Ukweli ulikuwa umekaa mdomoni mwangu: mlio ule ndio uliomtoa Ndaki kwenye gogo. Ungenisafisha mbele ya machimbo yote, mbele ya wale wawili kwenye baiskeli. Nilimtazama yule mzee, nikatazama mkono wake, nikaona kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akijilaumu kwa jambo moja tu, kwamba hakuuvuta ule mkono wa mafuta mapema zaidi.

“Huenda, baba,” nikasema. “Huenda angetoka.”

Alinitazama kwa muda mrefu. Sikujua kilichokuwa kinapita kichwani mwake. Kisha akavaa kofia.

“Wabeja, mayu. Asante. Wengine wote waliniambia hapana haraka haraka.”

Akatoka. Nilimsikia mwanawe mkubwa akimuuliza kwa Kisukuma, kwa sauti iliyonigandisha pale nilipokuwa, “Amekubali kosa? Amesemaje?”

Nilisikia mzee akikunja kisimamio cha baiskeli.

“Anasema yalikuwa maji tu,” akawaambia. “Twendeni nyumbani.”